UZI: Watoto wajua lishe bora yote kwenye mtihani, kengele ikilia wakimbilia barafu za rangi. Nini kinawaongoza?

#1 Mwalimu_Gredi4

Salaam, wanabaraza.

Nafundisha skuli ya msingi ya umma hapa kisiwani Mombasa. Mada ya lishe watoto wameishika barabara. Waulize vyakula vya kujenga mwili, watakutajia kunde, maharagwe, samaki, mayai na maziwa bila kusita. Wanachora sahani, wanaigawa mafungu, wanaipaka rangi vizuri kabisa. Kisha kengele ya saa nne inalia, na walewale waliopata alama zote wanasongamana langoni kununua kachri za pilipili (vile vipande vikavu vya muhogo wa kukaanga), achari, barafu za rangi na peremende. Mama anayeuza ndizi na machungwa amekaa hapohapo kando, na wanaomwendea ni mmoja mmoja.

Dai langu ni hili: somo la lishe tunavyolifundisha linaishia kwenye daftari. Mkono wa mtoto unaongozwa na kitu kingine. Nataka kusikia kwa wazazi, wahudumu wa afya, walimu wenzangu na hata wauzaji: kitu hicho ni nini? Tuna kikao na kamati ya wazazi mwisho wa mwezi na sitaki kwenda na hotuba tupu.

#2 BabaKisauni

Shilingi kumi. Jibu ndilo hilo. Kwa shilingi kumi ndizi ni moja, ukiimenya imekwisha. Kachri za shilingi kumi mtoto ashika kifuko, ala njia nzima, awagawia wenzake watatu na bado zabaki. Mtoto ajua hesabu kuliko mnavyodhani.

#3 MamaZuu

Baba Kisauni, pesa haiwezi kuwa jibu peke yake. Binti yangu namfungia papai lililokatwa na chapati ndani ya kikopo. Kikopo chanirudia jioni na papai lake, limelowa. Nilipombana akanambia wenzake wasema amebeba chakula cha mgonjwa. Hakutoa hata senti. Haya, hapo bei yaingia wapi?

#4 Nesi_Jomvu

Nyote mwaanzia saa nne. Mimi naanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Mama akiniletea mtoto mchovu asiyesikiliza darasani, kwanza namuuliza mtoto alikula nini kabla ya kutoka. Jibu la kawaida ni chai ya rangi yenye sukari nyingi na hamri moja, au chai kavu. Huyo akifika mapumziko tumbo linamkata. Mwenye njaa hatafuti vitamini, atafuta kitamu, chenye mafuta, cha kushibisha upesi. Mpe uji mzito wa wimbi asubuhi, au mbaazi zilizobaki jana usiku, halafu umtazame akifika langoni. Hatakuwa na pupa ile.

Na chai yenyewe ina lake. Hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na nafaka. Mboga za watoto zikamulieni ndimu, maana vitamini C huvuta chuma kiingie mwilini, na chai ikae mbali na mlo kwa saa moja hivi.

#5 Abu_Tudor

Nesi ahsante. Mimi nalaumu sukari moja kwa moja. Watoto wakila vitamu wanaruka hadi usiku wa manane, na kisukari cha watoto kimeletwa na peremende. Walimu wawafundishe hilo kwanza, waogope.

#6 MwanafunziLishe

Abu Tudor, kwa heshima, hapo pana mawili ya kurekebisha. Hilo la kuruka limepimwa mara nyingi, watoto wakipewa sukari na wengine kitamu kisicho na sukari bila wazazi kujua ni kipi, na tofauti ya tabia haikuonekana. Wanaruka kwa sababu kuna sherehe na wenzao wamejaa. Na kisukari cha aina ya kwanza, ambacho ndicho huwapata watoto wengi wenye ugonjwa huo, hutokana na kinga ya mwili kushambulia kongosho. Hakiletwi na peremende. Cha aina ya pili ndicho kinachohusiana na uzito na namna ya kula. Ukimwambia mtoto mwenye aina ya kwanza kwamba alijiletea mwenyewe, unamwonea.

Sukari ina makosa yake ya kutosha, hatuna haja ya kuizidishia. Shirika la Afya Duniani lasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Mtoto anayekula kilokalori 1,600, asilimia 10 ni gramu 40, na 5 ni gramu 20. Soda za kawaida zina kama gramu 10 kwa kila mililita 100. Chupa moja ya mililita 300 imeshapita kile kiwango bora, na chai ya asubuhi hatujaihesabu.

#7 Abu_Tudor

Haya, mtaalamu wetu. Na meno?

#8 MwanafunziLishe

Meno una haki. Hasa vinavyonata na vya kumung'unya muda mrefu.

#9 MkaaziMtongwe

Nimesoma mote, hakuna aliyetaja maji.

Mombasa hii hii. Mfereji wa skuli hutoa maji siku moja, siku tatu umekauka. Kisima kikichimbwa, maji yake ya chumvi, hayanyweki. Mtoto amekimbia uwanjani kwenye jua la Februari, koo limekauka, na maji safi ya kunywa hakuna. Langoni pana barafu ya rangi, baridi, ya shilingi tano. Nyinyi mwasema amechagua sukari. Mimi nasema alikuwa na kiu.

Mwalimu, kabla ya kwenda kwenye kikao, hesabu mifereji yenye maji ya kunywa hapo skuli. Nadhani nusu ya jibu uko nayo uani.

#10 Ustadh_Likoni

Namuunga mkono ndugu wa Mtongwe. Watoto huja madrasa mchana moja kwa moja kutoka skuli, wengi bila kupita nyumbani, kwa hiyo duka la jirani lilikuwa likiuza juisi za pakiti kama njugu. Tukaweka mitungi miwili ya udongo na vikombe vyenye mikono, maji yaliyochemshwa, na mtungi mmoja tukautia maua ya mlangilangi kidogo kwa harufu. Watoto waligombania ule wa harufu. Mwenye duka alinilalamikia mwenyewe kwamba juisi zimelala.

#11 BabaKisauni

Ustadh, alhamdulillahi kwa hilo. Lakini skuli ya wanangu ina tangi kubwa la maji safi, wafadhili waliliweka, na barafu bado zauzwa langoni kama kawaida. Kwa hiyo kiu haielezi yote. Narudi kwenye shilingi kumi yangu.

#12 MkaaziMtongwe

Tangi lenyewe la plastiki, jeusi, juani? Maji yatoka moto kama ya kuogea. Nani ataacha barafu?

#13 MamaViazi_Majengo

Hodi. Nimeitwa na mpwa wangu nije nisome, akanambia shangazi wanakusema.

Mimi ndiye mwenye karai. Miaka mingi langoni, wanangu watatu wamesoma kwa viazi hivyo. Mwasema wauzaji kana kwamba tunawavizia watoto. Niwaeleze kazi ilivyo.

Naamka alfajiri kuchemsha viazi. Namenya, napasua, nakoroga unga na bizari na chumvi, natia karaini. Kiazi kilichokaangwa hukaa hadi jioni hakiharibiki. Muhogo wa kuchemsha, saa nane washakuwa mgumu wa kutupa. Mbaazi za nazi kwa joto letu, tui likikaa mpaka mchana lachachuka. Tunda lililokatwa nzi hulizunguka, na afisa wa afya akipita hilo ndilo ataloniandikia, kiazi hatakiuliza. Mafuta yamepanda bei, kwa hiyo karai moja latumika zaidi ya inavyofaa, hilo najua na silifichi. Lakini niambieni ni kitu gani chengine ntauza shilingi kumi, kisiharibike, kisihitaji sahani wala kijiko wala maji ya kuoshea, na mtoto akimalize kabla kengele haijalia tena?

Dakika zile za mapumziko ni chache mno. Machungwa yule mwenzangu auza, lazima ayamenye moja moja kwa kisu. Watoto wakiwa foleni, yeye amenya la tatu, mimi nishauza thalathini. Hilo hamlioni nyinyi wa darasani.

#14 MamaZuu

Mama Viazi, hilo la kisu sikuwahi kulifikiria. Ahsante kwa kuja.

#15 Kijana_Makadara

Shangazi, kabla hatujaendelea: rojo la ukwaju la viazi vyako walitia pilipili mbuzi au ile ndefu? Nauliza kwa ajili ya elimu.

#16 MamaViazi_Majengo

Mbuzi, mwanangu. Na ukwaju wenyewe naloweka usiku. Njoo na kibakuli.

#17 Abu_Tudor

Uzi wa lishe bora washaingia rojo. Mombasa raha!

#18 NahodhaMstaafu

Watoto wa sasa hawapewi kitu skuli ndiyo maana wakimbilia langoni. Sisi wakati wa Moi tulikunywa maziwa ya Nyayo, zile pakiti za pembe tatu, kila mtoto yake. Mpango ulianza 1982 na ukalea taifa. Ukiwa na maziwa tumboni barafu ya nini?

Kisha ukaja mfumo wa 8-4-4, na wanangu walisoma Sayansi Kimu kwa vitendo. Walipika, walishona, walikuja nyumbani na aproni. Binti yangu alijifunza kupika mchicha wa nazi skuli, si kwa mamake.

#19 Mwalimu_Gredi4

Mzee wangu, maziwa ya Nyayo yalianza 1979, mwaka mmoja baada ya Moi kushika urais. 8-4-4 ndiyo iliyokuja 1985. Lakini hoja yako ya vitendo naichukua. Mtaala wa umilisi tulionao tangu 2019 unataka hivyohivyo, mtoto afanye kwa mikono. Tatizo, jiko la skuli ni la kupikia walimu chai, na mimi nina darasa la watoto zaidi ya sitini. Kwa hiyo twarudi kuchora sahani.

#20 NahodhaMstaafu

1979 au 1982, maziwa niliyanywa.

#21 Pwani_Nairobi

Niko Nairobi siku hizi. Huku kaunti ilianzisha mpango wa Dishi na County mwaka 2023, watoto wa skuli za umma wapata chakula cha moto mchana bure. Mombasa tukipata jiko kama yale, nusu ya mjadala huu imekwisha.

#22 BabaKisauni

Si bure, mzazi hulipa shilingi tano kwa sahani. Lakini tano hiyo hata mimi nitaitoa na moyo mkunjufu.

#23 Kocha_Tononoka

Mimi sina elimu ya lishe, nafundisha kabumbu vijana wadogo. Nitasema nilichokiona.

Timu yangu walikuwa wakija mazoezini na soda. Niliwahubiria, wakaitikia "ndio kocha", kesho yake soda tena. Kisha akajiunga kijana mmoja mkubwa kidogo, mshambuliaji hatari, wadogo wote wataka kuvaa viatu kama vyake. Huyu kwao hula muhogo wa kuchemsha na dafu, basi, na huja na kipande cha muhogo ndani ya mfuko. Akimaliza mazoezi akaa chini ya mti ale. Sikusema neno. Baada ya muda wadogo wakaanza kuja na muhogo. Mmoja alibeba muhogo mbichi, hakujua kwamba hupikwa kwanza, ikabidi nimzuie asiule kwa sababu mbichi una sumu.

Kwa hiyo Mama Zuu, binti yako hana shida na papai. Atafuta wa kula naye.

#24 MwanafunziLishe

Kocha amesema kitu ambacho kimethibitishwa. Mtafiti wa Marekani, Leann Birch, alifanya jaribio lililochapishwa 1980. Watoto wa chekechea walikalishwa meza moja na wenzao wanaopenda mboga tofauti na wao. Siku za mwanzo kila mmoja alichagua yake, baada ya siku chache wengi wakahamia mboga ya wenzao, na baadaye hata wenzao wasipokuwepo waliendelea kuipenda.

Na kuna lile la karatasi. Mwaka 2007 Thomas Robinson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa watoto wa miaka mitatu hadi mitano chakula kilekile, kimoja ndani ya karatasi ya McDonald's, ile mikahawa mashuhuri ya Marekani, na kingine ndani ya karatasi isiyo na alama. Wengi walisema cha McDonald's ni kitamu zaidi. Mpaka karoti! Karoti hizohizo. Kwa hiyo BabaKisauni, mtoto wako akishika kifuko chenye picha ya simba na rangi nyekundu, ulimi wake ushaambiwa kionjo kabla hajafungua.

Jingine ambalo wazazi wengi hawalijui: mtoto kukataa chakula kipya ni kawaida. Huenda akahitaji kukionja mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakizoea. Wengi wetu tukikataliwa mara mbili twasema "huyu hapendi mchunga" na mlango umefungwa.

#25 Abu_Tudor

Na ukimwambia "maliza mchicha nikupe chokoleti"? Kwangu hufanya kazi.

#26 MwanafunziLishe

Hufanya kazi siku hiyo. Baadhi ya tafiti zaonyesha mtoto akiahidiwa zawadi ili ale chakula fulani, hamu yake ya chakula hicho huishia kupungua, maana akili yake imeelewa kwamba kitu kinacholipiwa ili kiliwe lazima ni kibaya. Na chokoleti imepanda cheo.

#27 Bi_Mkubwa_Kibokoni

Wanangu, mimi nawasoma tu. Utafiti wenu mzuri, lakini mtoto ala alichokizoea tangu tumboni. Zamani mwana akiachishwa ziwa alipewa uji, wali uliopondwa na samaki, mchuzi wa mboga, kunazi akiokota chini ya mti, zambarau msimu wake, mapera. Sasa mtoto hajaota meno, mamake ampa biskuti kwa chai anyamaze. Akifika gredi ya nne mwamlaumu mwalimu? Samaki mkunje angali mbichi. Huyo wenu ashakauka.

Na hayo mapera mwayadharau kwa sababu yaota uani bure. Mtu akatoe pesa anunue tufaha la kutoka ng'ambo!

#28 Nesi_Jomvu

Bi Mkubwa, shikamoo. Kwa mapera nakuunga mkono kwa mikono miwili. Pera lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Na unga wa ubuyu, ule mweupe kabla ya kutiwa sukari na rangi, una vitamini C na kalisi nyingi. Tukimwambia mtoto ubuyu ni mbaya tunamdanganya. Kibaya ni ile sukari na rangi inayomwacha ulimi mwekundu siku nzima.

Niongeze moja, maana uzi umeelemea sukari na unene tu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 18 ya watoto wa Kenya wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kilifi, hapo tukivuka daraja la Mtwapa, ni asilimia 37, na ndiyo iliyoongoza nchi nzima. Baadhi ya watoto hao wanakuja kukaa na ndugu Kisauni na Bamburi na kuingia madarasa yetu. Kwa hiyo darasa moja lina mtoto aliyedumaa, mwenye upungufu wa damu na aliyezidi uzito, wamekaa dawati moja. Mwalimu akisimama kusema "punguzeni kula", anamwambia nani? Na tafadhali, mtoto mnene asifanywe mfano mbele ya wenzake. Nimewapokea zahanati wakilia, wengine wameacha kula mchana kabisa na usiku wanakula kwa siri.

#29 Mkulima_Mikindani

Sisi tulisaidia skuli moja kupanda mboga ndani ya magunia, uwanja wenyewe ni saruji. Maji yalikuwa ya kisima, yana chumvi, sukuma wiki ikanyong'onyea. Mchicha ulivumilia. Kila kundi la watoto lilikuwa na gunia lake na jina lake. Siku ya kuvuna walichuma wenyewe, wakaosha, mama mmoja akapika na kitunguu na tui jepesi. Watoto ambao nyumbani hawagusi mboga waliramba sahani. Mmoja alikuwa akilinda majani ya gunia lake yasichanganywe na ya wengine sufuriani.

#30 BabaKisauni

Na muhula uliofuata?

#31 Mkulima_Mikindani

Aliyekuwa akisimamia alihamishwa, magunia yakakauka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

#32 Kijana_Makadara

Suluhisho rahisi: pigeni marufuku wauzaji wote langoni. Nchi ya Chile wamefanya. Nilisoma.

#33 MwanafunziLishe

Chile haikufukuza kina mama langoni. Sheria yao ilianza kutumika 2016: vyakula vya kiwandani vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi vinabandikwa alama nyeusi ya pembe nane, haviuzwi ndani ya skuli, na picha za katuni za kuvutia watoto zimeondolewa kwenye pakiti. Walimbana mwenye kiwanda.

#34 MamaViazi_Majengo

Ahsante mwanangu. Huyu wa Makadara juzi aliniomba rojo, leo anifukuza langoni. Kibakuli chako usije nacho.

#35 Kijana_Makadara

Shangazi nisamehe, nilimaanisha wa peremende!

#36 Mwalimu_Gredi4

Wanabaraza, nimefuata mlivyosema na nikafanya jambo dogo. Niliwapa watoto vikaratasi, wasiandike majina, waniandikie walinunua nini leo na kwa nini. Niliwaahidi hakuna atakayekaripiwa. Haya ni baadhi, kwa maneno yao:

"Kachri kwa sababu zawasha."

"Barafu, nilikuwa na kiu na mfereji ulikuwa na foleni ya gredi ya sita."

"Viazi kwa sababu sikula asubuhi."

"Peremende nimuonyeshe rafiki yangu ulimi wa buluu."

"Biskuti kwa sababu ndani kuna stika."

"Sikununua. Fatma alinipa zake." (Jina nimelibadilisha.)

"Ndizi lakini nilikula chooni wasinione."

Hicho cha mwisho nimekisoma mara nyingi. Mtoto ala ndizi chooni! Amefanya kila tulichomfundisha, na anajificha.

#37 MamaZuu

Subhanallah. Hicho cha ndizi kimenikata. Mwaona sasa? Nilisema tangu mwanzo, ni wenzao.

#38 MkaaziMtongwe

Mimi naona cha mfereji. Foleni ya gredi ya sita!

#39 Nesi_Jomvu

Na mimi naona "sikula asubuhi". Kila mtu amepata kikaratasi chake.

#40 BabaKisauni

Hakuna hata mmoja aliyeandika "kwa sababu ni bei rahisi"? Mwalimu, mtoto hawezi kuandika hivyo. Kumi ndiyo pesa pekee anayoijua. Mpe hamsini siku moja uone kama atanunua ndizi tano.

#41 Kocha_Tononoka

Atanunua kachri tano na kuwa mfalme wa darasa.

#42 Ustadh_Likoni

Mwalimu, hicho kikaratasi cha ndizi usikisome mbele ya darasa, watamtambua. Lakini kwenye kikao cha wazazi kisome. Pia pendekezo: mapumziko ya saa nne, walimu nyinyi wenyewe mle ndizi uwanjani mbele ya watoto. Nimeona walimu wengi wakiingia ofisini na soda.

#43 Mwalimu_Gredi4

Ustadh, hilo nitalipeleka kwa walimu wenzangu kabla ya wazazi. Mama Viazi, una nafasi ya kuja kikaoni? Nataka wazazi wakusikie ulivyoeleza kazi ya karai.

#44 MamaViazi_Majengo

Nitakuja. Na nisikilizeni: skuli ikinipa kivuli ndani ya ua, maji ya kuoshea vikombe na ruhusa ya kuanza kupakua robo saa kabla ya kengele ili foleni isinielemee, nitauza mbaazi kwa vikombe vidogo asubuhi, mpaka mapumziko ya saa nne tu, tui halitawahi kuchachuka. Viazi nitavileta pia, sitaki kudanganya mtu. Kikombe shilingi kumi, nikipata mbaazi za bei ya jumla soko la Kongowea. Nazi ndiyo itanisumbua.

#45 BabaKisauni

Kikombe kipimo gani? Na mahamri yamo?

#46 Bi_Mkubwa_Kibokoni

Mbaazi bila hamri? Mwana gani wa Mombasa atakula hivyo?

#47 Nesi_Jomvu

Hamri moja, Bi. Moja. Na chumvi nusu ya unavyotia nyumbani, Mama Viazi. Mkiwa na siku ya kikao niambieni, nitakuja na mizani ya kupimia watoto, yeyote anayetaka bila kulazimishwa, na kwenye chumba cha pembeni.

#48 MkaaziMtongwe

Na mfereji? Mwalimu, hujanijibu idadi ya mifereji.